Tela Linakula Fyuzi: Namna ya Kuisaka Shoti ya Taa Mpaka Ilipo

Tela lisilo na taa za nyuma usiku, iwe kati ya Nzega na Tabora au kwenye mapori ya Kaliua kuelekea Uvinza, halionekani mpaka mwenye pikipiki awe ameshalifikia. Ndiyo maana taa zikizimika njiani dereva hushikwa na haraka ya kuzirudisha kwa njia yoyote ile. Anachomoa fyuzi iliyoungua, anaweka nyingine. Nayo ikiungua, anaweka kubwa zaidi. Ikishindikana kabisa, kipande cha waya. Taa zinawaka, safari inaendelea, na mbele ya safari nyaya zinaanza kuyeyuka ndani ya chasisi, chini ya marobota ya tumbaku.

Shoti ya tela ni tatizo linalotafutika, na kulitafuta hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji globu moja ya taa ya mbele, vipande viwili vya waya, na subira ya kugawa kazi nusu kwa nusu badala ya kuvua nyaya zote chini. Ninachoomba kwa kila fundi na kila dereva wa njia zetu hizi za magharibi ni hiki: fyuzi ikiungua, usiiongeze ukubwa. Imeungua kwa sababu kuna mahali umeme unapita pasipotakiwa, na kazi yako ni kupajua mahali hapo.

Uliza kabla hujafungua

Gari likiingia gereji, maneno ya dereva yana thamani kuliko testa. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, tela linakula fyuzi."

"Pole na safari, kaka. Inaungua ukiwasha nini?"

"Pakingi."

"Ukichomoa plagi ya tela?"

"Haiungui."

"Za pande zote mbili?"

"Hapana, ya kushoto tu. Kulia zinawaka vizuri."

"Na kabla ya hapo tela lilifanyiwa kazi gani?"

"Walichomelea kibano cha springi. Na madigadi ya nyuma yalibadilishwa."

Hapo hujashika hata bisibisi, lakini tayari unajua kichwa, yaani gari linalovuta tela, hakina kosa, unajua ni laini ya pakingi kushoto peke yake, na una sehemu mbili za kuanzia: palipochomelewa na palipofungwa madigadi. Fundi anayerukia kufungua boksi la fyuzi bila kuuliza atazunguka mchana kutwa.

Iangalie na fyuzi yenyewe. Ikiwa ndani imeungua kwa kishindo, plastiki imeingia weusi na madini yamerukia pembeni, hiyo ni shoti kamili, waya umegusa chasisi waziwazi. Ikiwa utepe wake umeyeyuka taratibu katikati na plastiki imebaki safi au imelegea kwa joto, mara nyingi ni mzigo uliozidi: mtu ameongeza taa za ubavuni, au taa ya kumulikia mzigo, kwenye laini ambayo haikupangiwa hivyo. Fyuzi za bapa zinatambulika kwa rangi, na rangi hizo ni zilezile kwenye karibu kila gari: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ukikuta ya kijani kwenye tundu la pakingi, mtu ameshapita hapo kabla yako, na nyaya zitakuwa zimeshapata joto. Zikague hata kama taa zitakubali kuwaka.

Hesabu ndogo itakusaidia kujua kama fyuzi inatosha. Globu ya breki ya wati 21 kwenye volti 24 inakula chini kidogo ya ampea moja. Globu mbili za tela na mbili za kichwa hazifiki ampea 4. Kwa hiyo laini ya breki inayounguza fyuzi ya ampea 10 haijalemewa na globu. Kuna shoti.

Zijue pini

Matela mengi yanayovutwa na vichwa vya volti 24 yana soketi ya pini saba, na ndani ya plagi, pembeni ya kila pini, pameandikwa namba. Safisha kwa brashi utaziona. Namba 1 ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, waya mweupe. Namba 2, nyeusi, ni pakingi ya kushoto. Namba 3, njano, indiketa ya kushoto. Namba 4, nyekundu, ni breki. Namba 5, kijani, indiketa ya kulia. Namba 6, kahawia, pakingi ya kulia. Namba 7, buluu, hutegemea gari: wengine wameipa taa ya ukungu, wengine kazi nyingine.

Rangi hizo ni za tela lililotoka kiwandani na ambalo halijaguswa. Matela yetu yameguswa. Utakuta waya wa kijani umeungwa na wa kahawia, kisha na mwekundu wa nyumbani, na bado kazi inaenda. Iamini namba ya pini, usiiamini rangi. Na kuna jambo linalowapoteza wengi: mafundi wengine wakifunga upya tela huunga pini 2 na 6 pamoja ili waya mmoja ulishe pakingi zote. Tela la namna hiyo likiwa na shoti upande wa kushoto, fyuzi zote mbili za kichwa zinaungua, na wewe unadhani kuna shoti mbili.

Plagi nyingine nene iliyo pembeni, ile ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge), ni ya breki. Nyaya zake zina kazi nyingine na zinaishia kwenye kompyuta ya tela. Usiichomekee globu wala waya wa kujaribia.

Kichwa, kebo, au tela?

Chomoa kebo ya kujikunja pande zote mbili. Weka fyuzi mpya yenye ukubwa unaotakiwa, washa. Ikiungua hapohapo, tela halina kosa. Angalia soketi iliyo nyuma ya kichwa: hiyo ndiyo inayokula matope na maji, na nyuma yake nyaya hukaa uchi mara nyingi kuliko tunavyofikiri.

Kama haikuungua, chomeka kebo kwenye kichwa tu, upande wa tela uache ukining'inia mahali pakavu usipogusa chuma. Washa tena. Fyuzi ikiungua sasa, shoti iko kwenye kebo. Isipoungua, mshike utingo aivute na kuipinda kebo polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa pale inapoingia kwenye plagi, maana hapo ndipo nyaya za ndani hukatika na nyuzi zake kutoboa ganda la jirani. Kebo ya namna hiyo inakaa kimya gari likisimama na kupiga shoti gari linapokata kona. Kama dereva anasema fyuzi huungua akigeuza kwenye mzunguko au akirudi rivasi kupakua mzigo, anza na kebo na wala usitafute kwingine kwanza.

Nimeona pia kebo iliyoachwa ndefu mpaka inalala juu ya sahani ya kuunganishia tela, au inasagwa na bamba la chuma nyuma ya kabini ya dereva. Ganda linalika upande wa chini, ambao hakuna anayeutazama. Igeuze uitazame.

Vichwa vipya vingi havina fyuzi ya kuungua kwa kila laini ya tela. Kompyuta ndiyo inayozima laini ikiona umeme umezidi, na kwenye dashibodi linatokea onyo la taa za tela. Dereva anazima, anawasha, taa zinarudi kidogo, zinakufa tena. Shoti ni ileile, lakini usijaribu tena na tena ukitumia kichwa. Litenge tela ulipime peke yake kwa namna ninayoieleza hapa chini.

Globu mahali pa fyuzi

Hii ndiyo njia ninayoitetea kuliko zote. Chukua globu ya taa ya mbele ya volti 24, ya wati 70 au 75, na uifunge nyaya mbili ndefu. Chomoa fyuzi inayoungua, kisha unganisha globu kwenye matundu mawili ya fyuzi. Sasa umeme wote unaoelekea kwenye laini hiyo lazima upite ndani ya globu kwanza. Hata kama mbele kuna shoti ya kutisha, globu hairuhusu zaidi ya takriban ampea 3, na waya mzima wa tela unavumilia hizo bila kuungua. Huunguzi fyuzi tena, na una muda wa kutosha wa kutafuta.

Kabla hujaanza, gusisha upande wa pili wa globu moja kwa moja kwenye ethi uone inavyong'aa ikipata umeme wote. Kumbuka mwanga huo. Ndio mwanga wa shoti. Ukiwasha laini yenye shoti, globu itang'aa vivyo hivyo na taa za tela hazitawaka kabisa. Laini nzima, yenye globu zake nzuri, itaifanya globu yako ing'ae hafifu, nyekundunyekundu. Tela lenye taa nyingi za ubavuni litaisukuma ing'ae zaidi kidogo, lakini haitafika mwanga ule wa kwanza.

Kama unalipima tela peke yake, pata betri mbili za volti 12 na uziunge mfululizo zitoe 24. Hasi ipeleke pini namba 1 ya soketi ya tela. Chanya ipitishe kwenye globu, kisha gusa pini 2, 3, 4, 5, 6, 7 moja moja. Pini inayoing'arisha globu kwa nguvu zote ndiyo mgonjwa. Njia hii inafaa pia pale mwenye tela ameliacha kwenye yadi na kichwa kimeondoka na tela jingine kwenda Kigoma.

Kwa laini ya breki ukitumia kichwa, weka jiti kati ya kiti na pedali badala ya kumkalisha mtu, maana utakuwa huko nyuma muda mrefu.

Wengi wataniuliza kwa nini tusitumie mita kupima omu. Mita ni nzuri, lakini kwenye kazi hii inadanganya. Globu ikiwa ya baridi, uzuiaji wake ni takriban moja ya kumi ya ule wa wakati inawaka. Globu mbili za wati 21 zilizofungwa pamoja zitaonyesha omu moja na kidogo, na mita ya bei nafuu, ukijumlisha na nyaya zake zilizochoka, inaweza isitofautishe kati ya hiyo na shoti. Ukitaka kupima omu, toa globu zote kwanza. Kwa taa za LED mita itakuchanganya zaidi.

Gawa nusu kwa nusu

Globu ikiwa inang'aa, nenda nyuma ya tela na uanze kwa vitu vinavyotoka bila kukata waya. Chomoa taa ya nyuma ya upande huo. Kisha taa ya namba. Kisha taa za ubavuni, moja baada ya moja. Kila ukichomoa, tazama globu. Ikififia ghafla, uliyemshika mkononi ndiye mwenye kosa.

Sababu ya kuanza na taa ni kwamba huko ndiko kosa liliko mara nyingi. Ndani ya kava la taa utakuta maji, tope, holda iliyooza, kibati kilichopinda kikagusa bodi. Na utakuta globu isiyo yake: globu ya mguso mmoja imelazimishwa kwenye holda ya miguso miwili, ile ya breki na pakingi pamoja. Kitako chake kipana kinagusa miguso yote miwili kwa wakati mmoja, na tangu hapo ukikanyaga breki pakingi zinawaka, ukiwasha pakingi breki zinawaka. Hakuna waya uliochubuka popote. Ni globu tu. Kwa hiyo dereva akilalamika kwamba taa zimechanganyana, fungua makava ya nyuma na ulinganishe globu kabla ya kitu kingine chochote.

Taa zote zikiwa zimetoka na globu bado inang'aa, shoti iko kwenye waya wenyewe. Tafuta boksi la maungio, ambalo kwa kawaida liko nyuma karibu na taa, ulifungue na kuutenganisha waya wa laini hiyo. Globu ikizimika, shoti iko baada ya boksi, kwenye matawi mafupi. Ikiendelea, iko kwenye waya mrefu unaotoka mbele. Hapo mwambie utingo aitazame globu, wewe pita chini ya tela ukiushika mkusanyiko wa nyaya, ukiutikisa na kuuvuta kidogo kila hatua. Atakapopaza sauti kwamba imepepesa, simama. Uko juu yake, au uko mkono mmoja tu kutoka pale.

Kukata waya ni jambo la mwisho. Ukilazimika, kata mahali pamoja, katikati, mahali pakavu panapofikika kwa mkono, kwa sababu utarudi kupaunga vizuri. Matela mengi yanayoletwa yameshakatwa huku na huku na watu waliokuwa wakibahatisha, na kila kiungo cha tepu ni shoti inayosubiri mvua.

Mahali ambapo waya hufia

Baada ya kujua nusu, macho yanafanya kazi iliyobaki. Pale mbele, karibu na bamba la kingipini (pini ya chini ya tela inayoshikwa na sahani ya kichwa), nyaya zilizolegea hushuka na kusagwa kichwa kinapoingia chini. Kwenye miguu ya tela, waya uliofungwa karibu na shafti ya kuzungushia hujisokota. Kila tundu la chasisi ambalo waya unapita bila mpira wa kuulinda ni kisu, kwa sababu njia ikiwa na mashimo chuma kinausugua waya kwa saa nyingi. Karibu na ekseli waya unatakiwa kuwa na ulegevu wa kutosha springi ikishuka, lakini si ulegevu wa kufika kwenye tairi.

Palipochomelewa, pambue mwenyewe kwa kucha. Nyaya zikipita nyuma ya chuma kinachochomelewa, maganda yake huyeyuka na kushikana bila kuonekana kwa nje, na tela linaweza kutembea wiki nzima kabla ya nyaya mbili kugusana. Kabla ya kuchomelea, chomoa plagi zote kati ya tela na kichwa, ya taa na ya ABS, na uzisogeze nyaya. Mchomeleaji asiyetaka kusubiri hilo, tafuta mwingine.

Kisha kuna skrubu na riveti. Mtu anafunga madigadi mapya, au bati la kibandiko cha kuakisi mwanga, anatoboa chasisi kwa drili bila kutazama upande wa pili. Skrubu inaingia katikati ya nyaya, inagusa mmoja au miwili. Usiku huohuo fyuzi inaanza kuungua. Kila unapoona skrubu mpya, zunguka upande wa pili wa chuma.

Tela lililolala muda mrefu kwenye yadi ya ghala likisubiri msimu wa tumbaku hupata panya. Panya hutafuna ganda na kuacha shaba inang'aa. Utaona vinyesi vyao kabla hujaona waya.

Mvua na chumvi ya Uvinza

Shoti inayotokea mvua ikinyesha tu, kisha ikatoweka jua likitoka, inawachosha mafundi kuliko zote. Kwetu mvua zinaanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika wiki za kwanza gereji hujaa matela ya namna hii. Usisubiri mvua ikuonyeshe. Funga globu mahali pa fyuzi, washa laini, kisha mwagia maji sehemu moja moja: soketi ya mbele, halafu subiri, halafu boksi la maungio, halafu taa moja baada ya nyingine. Usirushe maji tela zima kwa mara moja, hutajua palipovuja.

Matela yanayobeba chumvi ya Uvinza yana ugonjwa wao wa pekee. Watu wa Kigoma huwa wanalilaumu ziwa kwa sababu tela limelala karibu na bandari, lakini maji ya Tanganyika si ya chumvi. Ni mzigo. Chumvi inavuja kwenye magunia, inaingia kwenye kila mwanya wa chasisi, inavuta unyevu hewani na kukaa mbichi hata kiangazi. Shaba inageuka unga wa kijani, na maji hayo ya chumvi yenyewe yanapitisha umeme. Dalili yake si lazima fyuzi iungue. Utaona taa za LED zikimeremeta kidogo sana hata swichi ikiwa imezimwa, au indiketa ikiwaka pakingi inavuta nayo. Ukifungua boksi la maungio utakuta vituo vyote vimeunganishwa na ukoko mmoja wa kijani.

Boksi la namna hiyo halisafishwi kwa kupuliza. Litupe, weka jipya, kata nyaya nyuma mpaka ukute shaba nyekundu inayong'aa. Kijani kinaweza kuwa kimepanda ndani ya ganda zaidi ya unavyotarajia. Ukiunga kwenye shaba nyeusi, umejifungia kazi ileile ya mwezi ujao.

Si kila fujo ni shoti

Nusu ya matela ninayoambiwa yana shoti, shida yake ni ethi. Tofauti ni rahisi: shoti huunguza fyuzi, ethi mbovu haiunguzi. Ukikanyaga breki taa zote za nyuma zinafifia, ukiwasha indiketa ya kushoto na ya kulia inapepesa kidogo, pakingi inawaka kwa unyonge. Umeme umefika kwenye globu lakini umekosa njia ya kurudi, kwa hiyo unarudi kupitia globu nyingine, kama watu waliofungiwa mlango wakaanza kutokea madirishani.

Pima hivi: washa taa, weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye ethi ya taa ya nyuma, mwingine kwenye hasi ya betri au pini namba 1 upande wa kichwa. Isizidi nusu volti, au moja ikizidi sana. Ukisoma tatu au nne, waya mweupe una kasoro, na mara nyingi ni pini namba 1 yenyewe iliyolegea. Wengine hutibu kwa kufunga ethi ya taa kwenye bodi ya tela. Itawaka ukiwa umesimama. Lakini bodi ya tela hurudi kwa kichwa kupitia kingipini na sahani iliyojaa grisi, njia isiyo na uhakika, na umeme ukikosa hiyo utatafuta nyaya nyingine, pengine za ABS. Rekebisha waya mweupe.

Indiketa inayopepesa haraka nayo si shoti. Kwa kawaida ni globu moja iliyokufa.

Jambo jingine la kuangalia ni tela lililokuwa likivutwa na kichwa cha Marekani. Vichwa vingi vya huko vina taa za volti 12, na plagi yao ya pini saba inafanana sana na yetu kwa mpangilio. Ukilifunga tela hilo kwenye kichwa cha volti 24, globu zinang'aa vikali kisha zinakufa moja baada ya nyingine. Soma volti iliyoandikwa kwenye kitako cha globu.

Shoti inayojificha

Ikiwa gari limesimama na hakuna unachokiona, peleka globu kwenye kabini. Ifunge mahali pa fyuzi kwa nyaya ndefu, iweke dereva anapoiona lakini isiguse kitu, maana inapata joto la kuunguza plastiki. Washa laini. Tembeza gari polepole ndani ya yadi, kata kona ya kushoto mpaka mwisho, ya kulia mpaka mwisho, kisha lipitishe juu ya tuta au gogo. Globu ikiruka kung'aa wakati wa kona, ni kebo au nyaya za mbele. Ikiruka kwenye tuta, ni karibu na ekseli au taa iliyolegea nyuma. Usitoke nayo barabara kuu, kwa kuwa taa za laini hiyo hazitakuwa na mwanga kamili.

Kuunga

Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa ethi. Waya mgumu wa nyumbani unakatika kwa mtikisiko. Lehemu au bana kwa koleo la kazi hiyo, kisha funika kwa mpira unaojibana kwa joto. Tepu nyeusi peke yake, kwenye joto la Tabora la Septemba na Oktoba, gundi yake inayeyuka na inafunguka yenyewe. Kwenye tundu la chasisi, kama hukupata mpira wake dukani, kata kipande cha mpira wa maji, ukipasue kwa urefu, ukivishe waya pale unapopita, na ukifunge pande zote mbili kisiteleze.

Ukimaliza, rudisha fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kifuniko cha boksi, siyo ile uliyoikuta. Washa kila laini peke yake, kisha zote pamoja, breki na indiketa na pakingi, injini ikiwa imewashwa ili volti ziwe kamili.

Tela la mafuta usiliguse kwa utaratibu huu likiwa limejaa, wala likiwa limetoka kushusha, kwa sababu tangi tupu hubaki na mvuke unaowaka kwa cheche ndogo. Zima betri kwa swichi yake kuu, litenge na watu na moto, na mpelekee fundi wa matangi baada ya tangi kusafishwa na kupimwa mvuke.